Malengelenge Mgongoni Si Jibu: Namna Kipimo cha Aleji ya Ngozi Kinavyopotosha

Mama yangu mdogo amekuwa akibangua korosho Newala tangu mimi sijaanza shule. Vidole vyake vina ule weusi ambao mtu wa Mtwara haulizi umetoka wapi. Lakini mwaka juzi mikono ilianza kuumwa namna ngeni. Haikuwa kubabuka kwa mafuta ya maganda tulikokuzoea. Ulikuwa ukurutu unaopasuka na kutoa majimaji, ukapanda hadi juu kidogo ya kifundo cha mkono na kukatika hapo kama umechorewa mstari. Tukampeleka Dar es Salaam, akabandikwa vipimo mgongoni, akarudi na karatasi yenye majibu matatu ya maana. Mafuta ya korosho: chanya, kali sana. Nikeli: chanya. Kemikali za mpira: hasi.

Mimi ni muuguzi, na hata hivyo karatasi ile ilinipita. Niliisoma kama ambavyo angeisoma mtu yeyote: korosho ndiyo adui, bangili azivue, glavu za mpira azivae muda wote. Akatii. Mikono ikazidi kuharibika.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba majibu yote matatu yalikuwa yanapotosha, na kila moja kwa njia yake. La kwanza halikuwa aleji. La pili lilikuwa aleji ya kweli isiyohusika na mikono. La tatu lilikuwa aleji iliyokosa mtu wa kuiona.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, alikieleza mbele ya wenzake mwaka 1895, na wazo lake halijabadilika sana. Kama ngozi imeshajifunza kukikataa kitu fulani, ipe kidogo cha kitu hicho, ifunike, kisha subiri. Siku hizi hutumika vijisahani vidogo, vingi vikiwa vya alumini, vyenye kipenyo cha milimita 8. Kila kimoja hutiwa kitu kimoja kilichochanganywa na vaselini au maji kwa kiwango kinachojulikana, kisha safu za vijisahani hubandikwa sehemu ya juu ya mgongo na kuachwa kwa saa 48. Vikibanduliwa, mgongo unasomwa, halafu unasomwa tena siku ya tatu au ya nne, na inapowezekana siku ya saba.

Kwa nini siku zote hizo? Kwa sababu aleji inayotafutwa hapa ni ya polepole. Kinachofanya kazi ni chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, ambazo hukitambua kitu, huitana, kisha huja kukusanyika kwenye ngozi. Safari hiyo huchukua siku moja hadi tatu, pengine zaidi. Ni tofauti kabisa na ile aleji ya mtu kula kitu na midomo kuvimba ndani ya dakika chache. Hiyo hupimwa kwa kuchoma ngozi kidogo na kusoma baada ya dakika 15 hadi 20, au kwa damu.

Kwetu Kusini tofauti hii ni muhimu, maana korosho moja hubeba aleji mbili. Punje ina protini ambazo zinaweza kumfanya mlaji avimbe koo. Ganda lina mafuta ambayo yanaweza kumfanya mbanguaji apate ukurutu. Mtu anaweza kuwa na mojawapo bila nyingine. Nimeshakutana na mama aliyemkataza mwanawe kula korosho kwa sababu yeye mwenyewe alibandikwa mgongoni akatoka chanya. Kipimo chake hakikuulizwa swali hilo.

Turudi kwenye jibu la kwanza, lile la malengelenge. Ganda la korosho lina kuta mbili, na katikati yake kuna tabaka lenye matundu kama sega la nyuki. Humo ndimo mafuta yanamokaa: asidi anakadiki, kadoli na kadanoli. Kikemia ni ndugu wa karibu wa urushioli, ile sumu ya mimea ya Amerika Kaskazini ambayo watu wa huko wakiigusa porini huwashwa kwa wiki nzima. Mafuta haya yana mambo mawili kwa pamoja. Yanaunguza ngozi ya mtu yeyote, awe na aleji au asiwe nayo. Na kwa baadhi ya watu yanazalisha aleji ya kweli. Hilo la kwanza hakuna mtoto wa Tandahimba asiyelijua: atakuwa aliwahi kung'ata korosho mbichi akazunguka na mdomo mweusi siku tatu.

Mama mdogo aliambiwa aje na vitu anavyogusa kazini. Akachukua mafuta ya maganda kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Yakabandikwa vilevile yalivyo. Saa 48, yamefunikwa, hayapumui. Yalipobanduliwa palikuwa na lengelenge la ukubwa wa kijisahani, na pembeni likaandikwa jumlisha tatu.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Alama za kimataifa za kusomea kipimo hiki ziko hivi: jumlisha moja ni wekundu na uvimbe unaoshikika, pengine na vipele vichache, jumlisha mbili ni vijilengelenge vidogo, jumlisha tatu ni malengelenge yaliyoungana. Kuna alama ya kuuliza kwa jibu lisiloeleweka, na kuna alama ya pekee kwa ngozi iliyochokozwa tu. Lengelenge la kuungua na lengelenge la aleji kali yanaweza kufanana kwa macho. Ukali wa jibu, ambao mgonjwa na hata muuguzi huuona kama ushahidi, hauthibitishi lolote kama hujui kilichobandikwa kilikuwa na nguvu kiasi gani. Ungembandika jirani yake mafuta yaleyale, ungepata jumlisha tatu nyingine, na mimi ya tatu.

Ndiyo maana vitu vinavyoletwa kutoka nyumbani vina masharti yake. Losheni au mafuta ya kujipaka yanayokaa mwilini yanaweza kubandikwa yalivyo. Sabuni na shampuu lazima zichanganywe na maji mengi, kwa kawaida zibaki asilimia chache tu. Petroli, mafuta ya taa, saruji mbichi, asidi na dawa za kuua wadudu havibandikwi vilevile vilivyo kamwe. Kitu kisichojulikana kikilazimika kupimwa, hupunguzwa nguvu kwa hatua, na watu kadhaa wasio na ugonjwa hubandikwa nacho pia. Nao wakitoa vipele, jibu la mgonjwa halina maana.

Hata vile vilivyotengenezwa tayari kiwandani havikosi utata. Nikeli hubandikwa kwa asilimia 5 Ulaya na kwa asilimia 2.5 Marekani. Chumvi ya kromu, ile inayowasumbua mafundi wa saruji na wavaaji wa viatu vya ngozi, ni asilimia 0.5 upande mmoja wa bahari na 0.25 upande wa pili. Hakuna aliyekosea. Ukiongeza nguvu unawanasa wenye aleji wengi zaidi, lakini unawachokoza pia wasio nayo. Ukipunguza, kinyume chake. Kromu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu nafasi kati ya kiwango kinachoonyesha aleji na kiwango kinachochokoza ni nyembamba mno.

Basi msomaji mzuri hutofautishaje? Hutazama mpaka. Mchokozo mara nyingi huishia palepale kijisahani kilipoishia, duara kamili kama lililopigwa muhuri, wakati aleji hupenda kuvuka ukingo. Hutazama uso wa ngozi. Mchokozo wa sabuni hukausha na kukunja ngozi ya juu kama karatasi ya kusokotea sigara, bila uvimbe chini yake. Nikeli, kobalti na kromu zinaweza kutoa vijipele vya usaha kwenye vinyweleo, hasa kwa wenye pumu ya ngozi tangu utotoni, na hivyo si aleji. Zaidi ya yote, hutazama mwendo. Mchokozo huwa mkali siku ya kubandua na kufifia siku ya nne. Aleji huanza kwa aibu na kupanda. Si kanuni isiyovunjika, maana aleji kali inaweza kuwaka tangu saa 48 na mchokozo mkali ukadumu, lakini ukisoma mara moja tu huna mwendo wa kuutazama.

Sasa lipo jambo ambalo vitabu vingi tulivyosomea vinalipitia haraka, nami sitalipitia haraka. Alama ile ya kwanza inaanza na neno wekundu. Wekundu wa nani? Kwenye mgongo wa Mmakonde wekundu huo unaweza kuwa zambarau, au kahawia iliyokolea, au usionekane kabisa. Picha za kufundishia zilikuwa za ngozi nyeupe kwa miaka mingi, na msomaji aliyelelewa na picha hizo ataandika hasi mahali penye jumlisha moja. Dawa yake ni kusoma kwa vidole. Funga macho kama itasaidia, pitisha ncha ya kidole taratibu kutoka ngozi nzima kuingia kwenye duara, uone kama pameinuka au pamekaza. Kisha washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa mgongo ili vivimbe vitupe kivuli. Mwanga wa kutoka juu unavifuta. Kosa la upande wa pili nalo lipo. Ngozi yetu huacha doa jeusi baada ya uchokozi mdogo tu, na doa hilo linaweza kukaa wiki nyingi. Kinachohesabiwa ni uvimbe. Doa peke yake, hata kama ni jeusi kama lami, halina jumlisha.

Kuna pia mgongo uliokasirika, jina ambalo madaktari wa ngozi wamelitumia tangu miaka ya 1970. Ukimbandika mtu ambaye ukurutu wake bado umechachamaa, au kitu kimoja kikawaka vibaya mno, ngozi nzima ya mgongo huamka na majirani wa kile kijisahani hutoka chanya bila hatia. Mtu anarudi nyumbani na orodha ya vitu kumi na viwili asivyopaswa kugusa. Orodha ya namna hiyo inastahili kutiliwa shaka. Ukurutu utulizwe kwanza, kisha kila kimoja kirudiwe peke yake. Lengelenge la mafuta ya korosho lingeweza kabisa kumfanyia hivyo mama mdogo, na mpaka leo nashukuru kwamba majirani zake walinyamaza.

Walinyamaza hata yule ambaye hakupaswa kunyamaza.

Alibandikwa Jumatatu, akabanduliwa Jumatano, akasomewa Jumatano hiyohiyo. Akaambiwa arudi Ijumaa. Lakini tulikuwa tumefikia kwa ndugu huko Mbagala, siku tano za ugeni si mchezo, nauli ya kurudi ilikuwa imeshakatiwa tiketi, na karatasi mkononi ilionekana imejaa. Alhamisi alfajiri tulikuwa kwenye basi. Tulipopita Lindi alianza kujikuna mgongo kwenye kiti. Kufikia Ijumaa jioni, nyumbani, palikuwa na kiraka kimoja kilichoinuka na kuwasha, chini kidogo ya bega la kushoto.

"Hiyo plasta imemkataa," shangazi alisema.

"Ni joto la basi," mimi nikasema. Muuguzi huyo.

Ile ilikuwa ni aleji ya mpira, imefika siku ya nne kama ilivyozoea kufika, imekuta ofisi imefungwa. Na hata kama ningekuwa na akili ya kulitambua hilo, alama za kalamu zilizoonyesha kipi kilikuwa wapi zilikuwa zimeshaoshwa. Kiraka kilikuwepo, jina lake halikuwepo. Picha moja tu ya simu, iliyopigwa Jumatano kabla ya kuoga, ingeokoa miezi minane ya mikono yake.

Kusoma mapema ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata hasi ya uongo. Vitu vingine huchelewa kuliko hata siku ya nne: dawa ya neomaisini iliyo ndani ya krimu nyingi za vidonda, na krimu zenyewe za steroidi, zile za kutuliza ukurutu, mara nyingi hujionyesha karibu na siku ya saba. Kwa mtu anayetoka Nachingwea au Nanyumbu, wiki nzima mjini ni gharama, najua. Lakini ni afadhali kujua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba safari ni ya wiki, kuliko kwenda siku tatu ukarudi na nusu ya jibu lenye muhuri.

Hasi za uongo zina milango mingine, na kwetu mlango mkubwa ni mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali ndani, na steroidi ndiyo dawa inayoziambia zile seli T zikae kimya. Mwanamke aliyejipaka mgongoni wiki nzima kabla ya kipimo anaweza kubandikwa kitu kinachomuua mikono na mgongo usiseme neno. Kwa kuwa mkorogo haukiriwi hadharani, hasa mbele ya muuguzi wa rika la binti yako, swali lisiulizwe kwa kushtukiza. Krimu za mchanganyiko zinazouzwa maduka ya dawa kwa kila aina ya upele zina hila hiyohiyo. Vidonge vya prednisoloni navyo, vikifika miligramu 20 kwa siku au zaidi, hufifisha majibu. Mgongo uliopigwa na jua siku nyingi mfululizo pia huwa mzito kujibu, na hapa nawafikiria wavuvi wa Mikindani wanaofanya kazi vifua wazi.

Piritoni, kwa upande wake, watu huiogopa bure. Inaharibu kipimo kile cha kuchoma cha dakika 15. Hiki cha kubandika haikigusi sana, kwa sababu seli T hazisubiri ruhusa ya histamini, ile kemikali ya mwilini ambayo Piritoni huizuia.

Halafu kuna mambo ya kawaida ya maisha. Joto la Januari hulegeza plasta, jasho hupenya chini yake, na kijisahani kilichoachia ngozi hakipimi chochote. Mama mwenye mtoto mchanga atambeba mgongoni kwa mbeleko kwa sababu mtoto hajui kwamba kuna kipimo. Mbeba magunia ghalani naye ndivyo hivyo. Na vitu vya kupimia vyenyewe hutakiwa kukaa kwenye jokofu. Manukato na aina fulani za gundi hupotea nguvu vikikaa kwenye joto, kijisahani kikabaki na vaselini tupu.

Jibu la pili, nikeli, nitalisema kwa ufupi maana halina fumbo kubwa. Lilikuwa kweli. Nikeli ni miongoni mwa aleji za ngozi zinazopatikana zaidi duniani, na mama mdogo alipoulizwa vizuri alikumbuka hereni za bei rahisi zilizomwozesha masikio akiwa msichana. Hiyo ilikuwa aleji ya masikio ya zamani. Mikono yake haikushika nikeli, na ukurutu unaokatika juu ya kifundo kama mstari una umbo la kitu kimoja tu. Umbo la glavu. Nikilitazama sasa kwenye picha najiona mjinga.

Chanya ya kweli isiyohusika ndiyo inayopoteza watu wengi walioelimika, kwa sababu huwezi kuibishia. Huweza pia kuelekeza kwa mtu asiyekuwepo. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, na aliyepata aleji kutokana na mafuta ya korosho anaweza kuwashwa midomo kwa maganda ya embe ingawa embe halikumwanzishia chochote. Piko la harusi linaongoza mbali zaidi. Weusi wake mara nyingi hutoka kwenye dawa ya kupakia nywele yenye parafenilinidiamini, na bibi harusi aliyebabuka mikono kwa piko anaweza baadaye kutoka chanya kwa benzokaini, dawa ya ganzi ambayo hajawahi kuigusa, kwa kuwa kemikali hizo zinafanana umbo. Parafenilinidiamini ina hatari ya ziada. Mgongo ukinyamaza wiki nzima kisha ukawaka baada ya siku kumi au zaidi, huenda kipimo chenyewe ndicho kimemfundisha mtu aleji. Hutokea mara chache, lakini hutokea.

Losheni au mafuta ya kujipaka yakiacha shaka, ipo njia ya nyumbani ambayo madaktari wenyewe huitumia. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, sehemu ileile, mara mbili kwa siku, hadi wiki mbili. Pakiwa kimya mpaka mwisho, yaelekea ile jumlisha moja ilikuwa ya mchokozo. Usifanye hivyo kwa sabuni, wala, kwa jina la Mungu, kwa mafuta ya maganda ya korosho.

Mama mdogo alirudi Dar es Salaam mwezi wa Machi, msimu ukiwa umekwisha na mikono imepumzika. Safari hii alikaa siku nane Mbagala na debe la unga la kufidia ugeni. Aliacha krimu zote kabla. Tulipeleka kipande cha glavu zake kilichokatwa, zaidi ya ile safu ya kawaida. Jumatano: hakuna kitu. Ijumaa: thiurami, zile kemikali zinazotiwa kwenye mpira ili uive haraka kiwandani, jumlisha mbili, na kipande cha glavu jumlisha moja, palepale chini ya bega la kushoto nilipolaumu joto la basi. Nilipitisha kidole mwenyewe kabla daktari hajasema.

Mafuta ya korosho nayo yalibandikwa tena, safari hii yakiwa yamepunguzwa nguvu sana kwa vaselini. Siku ya nne palikuwa na alama ya kuuliza. Siku ya saba, bado alama ya kuuliza. Daktari aliiandika hivyohivyo na hakuibadilisha, ingawa mama mdogo alimwomba mara mbili achague upande.

"Basi nibangue, nisibangue?" akauliza.

"Bangua, mama, lakini kwa glavu za vinili," daktari akamjibu. "Mikono ikirudi tena, tutaliuliza upya."

Anazivaa. Zile za mpira tumezitundika jikoni, na baba mdogo anaoshea nazo samaki.